Kaseti Niliyoipeleka Digbeth

Hili nalisema uso nimeuinamisha, maana baadhi yenu mlikuwepo na mlicheka.

Jumamosi ile kulikuwa na maonyesho ya kompyuta za zamani kwenye ghala moja Digbeth, na mimi kwa kiherehere changu nikawaambia wenzangu wa kazini nitawaletea gemu ya utoto wangu Mombasa, zile za kupakia kwa kaseti, tulizokuwa tukizisubiri sakafuni kimya kabisa, asipite mtu karibu na meza gemu isije ikagoma. (Baba alikuwa akifanya kazi huku Birmingham. Ndiye aliyetutumia kompyuta, na barua zake alizisema kwenye kaseti, sisi tukazigeuza upande wa pili tukanakilia gemu za watu.) Nikaenda kwa mama Balsall Heath, nikaitoa kaseti kabatini, wala sikuijaribu kwanza.

"Irudi hiyo, Idi," mama akasema. "Sauti ya babako imebaki humo tu."

Watu wakanizunguka, nikaunganisha redio kaseti na kompyuta, halafu nikaona raha isiwe yangu peke yangu, nikachomoa waya, sauti itokee spika ya redio, ili wote wasikie ile milio ya gemu ikiingia, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Kumbe nimeweka upande wa barua.

"Mama Idi, usinicheke, hapa nalia," marehemu baba akasema, ghala zima likamsikia. "Nimemsikia Idi, sauti ishakuwa nzito. Mwambie..."

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ndiyo gemu yenyewe, binti yangu niliyekuja naye akauliza, "Daddy, is that Babu?", na mimi nikaona aibu (aibu ya baba yangu mzazi, Mungu anisamehe), vidole vikaparamia vitufe ovyo, kaseti ikasimama, ikaanza tena kuzunguka kimya, nami nikashukuru. Kumbe ilikuwa inarekodi.

Jioni mama akataka kuisikiliza. Baba akafika palepale, "Mwambie...", kisha vikaja vicheko, na sauti yangu: "Jamani, hii inazimwaje?" Ikawa ni makelele ya ghalani mpaka utepe ukaisha.

"Alitaka niambiwe nini, mama?"

Mama akahangaika kukumbuka.

"Nimesahau, mwanangu," akasema. "Nikitaka kukumbuka, nilikuwa naisikiliza."

Tangu siku hiyo simkatizi mtu anayezungumza, hata akinichosha, hata watu wakicheka.