Shemeji Ameondoka na Simu Yangu, na Mume Wangu Anaijua Namba

Admin, nifiche kabisa, hata herufi ya kwanza ya jina langu usiweke. Naandika kwa simu ya jirani.

Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, watoto wawili. Ni fundi cherehani hapa Bukoba mjini, mtaa nauacha. Mume wangu ananunua dagaa visiwani Muleba, hukaa huko wiki mbili tatu ndipo arudi. Nina mdogo wangu wa kike, tumezaliwa wawili tu. Aliolewa Nshamba na mwanaume mwenye duka, na miaka minne amekuwa akipigwa. Mwezi uliopita alitoka na mtoto wake wa miezi saba mgongoni, nikamtafutia mahali pa kujificha. Mahali hapo sipataji hata kwenu.

Alipoondoka, mumewe alianza kumtumia meseji za sauti za vitisho. Anasema wazi atakavyomfanya akimpata. Mdogo wangu alinirushia zote, kisha kwa woga akafuta kila kitu na kuitupa laini. Nilimwambia, "Zikae kwangu, simu yangu haifunguki ovyo." Dawati la jinsia polisi walishatuambia tuzipeleke, tukapanga Jumatatu ijayo. Humo humo kwenye simu kuna ramani ya nyumba aliyojificha, aliyonitumia mwenyeji wake.

Alhamisi asubuhi shemeji, huyo mume wa mdogo wangu, aliingia kibandani kwangu. Alisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wateja. Nilipoinama kukata kitambaa akaichukua simu mezani.

"Shemeji, nifungulie hii."

"Ya nini?"

"Unajua ya nini."

Alinishika mkono wa kulia, akakikandamiza kidole gumba kwenye simu. Ikakataa. Akajaribu cha pili, cha tatu. Mimi nilisajili kidole cha mkono wa kushoto, na huo nilikuwa nimeukunja ngumi chini ya meza. Mara ya tano simu ikavikataa vidole vyote, ikadai namba ya siri. Hapo wakaingia wateja wawili. Akaniachia, akatoka na simu mfukoni kana kwamba ni yake.

Niliripoti polisi siku hiyohiyo, wakasema watamwita. Nikaenda pia kwa fundi simu mmoja mtaratibu, aliyewahi kunibadilishia kioo. Nilimuuliza kama fundi mwenzake wa Nshamba anaweza kuifungua.

"Hawezi, mama," alisema. "Vitu vyako vimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya kichipu cha simu yenyewe, hautoki humo. Hata aing'oe memori aipachike kwingine, ataona takataka tu. Akibahatisha namba, kadiri anavyokosea simu inazidi kumsubirisha. Anachoweza ni kuifuta yote ianze upya, na hapo hapati kitu."

"Kwa hiyo niko salama?"

"Kama namba unaijua peke yako."

Namba hiyo nilimpa mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, nilipolazwa kujifungua mtoto wa pili, na sikuwahi kuibadilisha. Yeye na shemeji ni marafiki wa siku nyingi.

Fundi aliingiza akaunti yangu kwenye simu ya jirani, nikaiona simu yangu kwenye ramani. Ipo Nshamba, inawaka, ipo hewani. Ameiacha hivyo makusudi, maana simu ikiita mtu anaweza kupokea hata bila namba ya siri. Mteja wangu mmoja alipiga kuulizia gauni lake. Anasema mtu alipokea, akanyamaza, akawa anamsikiliza tu mpaka alipokata. Mdogo wangu nimeshamuonya asipige, kupitia namba ya mwenyeji wake ninayoikumbuka kichwani.

Leo asubuhi nimempigia mume wangu kisiwani, nikamweleza yote.

"Baba Nasra, unanisikia?" (Jina la mtoto nimelibadilisha.)

"Nakusikia. Shemeji yako ameshanipigia. Kesho nikishuka kwenye boti pale mwaloni atakuja kunipokea, tutaongea."

"Waitu, nakuomba, usimpe ile namba."

"Yule ni mke wake, Mama Nasra. Na mtoto ni wake. Mtamficha mpaka lini?"

"Wewe hujazisikia zile sauti."

"Mtu akiwa na hasira husema mengi." Kisha akauliza, "Kwani namba bado ni ileile?"

Nikakata simu.

Mume wangu si mtu mbaya. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu yeye anaamini kabisa kwamba shemeji atamchukua mkewe na yataisha. Mdogo wangu nimemwambia ahame, lakini hana pa kwenda. Mtoto ana homa, na mwenyeji wake ndiye mtu pekee aliyekubali kuwapokea.

Fundi alinionyesha kitufe cha kufuta kila kitu nikiwa mbali. Nikikibonyeza, simu inabaki tupu na shemeji hatampata mdogo wangu kupitia kwangu. Lakini na zile sauti zitakufa. Sikuwahi kuzihifadhi kwingine, nilikuwa nabana bando. Atasimama mbele ya polisi aseme hajawahi kumtishia mtu, na sisi tutabaki na maneno matupu. Nisipobonyeza, nimeuacha uhai wa mdogo wangu kwenye mdomo wa mume wangu.

Nilimpigia mdogo wangu kwa simu hii nimuulize anachotaka. Aliniambia, "Dada, fanya unavyoona wewe," akaanza kulia, mtoto naye akalia.

Ninyi mnaojua sheria, ninyi mafundi, na ninyi wanawake mliopita huku, msinicheke na msinitukanie mume. Boti inafika mwaloni kesho saa sita mchana. Niambieni kabla ya hapo: nibonyeze, au nimwamini baba wa watoto wangu?