Swila Kitandani kwa Helena

Jirani yangu Helena alikuwa na mtoto wa siku tisa, Seni, mvua za mwaka 1978 zilipoigeuza nyumba yao kisiwa. Ni Wasukuma, walihamia huku Usangu na ng'ombe wao, wakajenga juu ya kichuguu kikubwa. Wenyeji waliwakataza. Wao wakadhani wanaonewa wivu kwa kupata mahali pakavu.

Maji yalipopanda, mumewe Malimi aliswaga ng'ombe kwenda mlimani, akamwacha Helena na baba mkwe wake, Mzee Masunga. Basi kila kiumbe cha bondeni nacho kikapatafuta palepale pakavu. Walianza panya, wakafuata nyoka. Walikuja wakiogelea mchana kweupe, vichwa juu ya maji. Mzee aliwaua kwa fimbo, akahesabu kumi na mmoja, akaacha kuhesabu. Helena hakushusha mguu kitandani bila kugonga sakafu kwanza kwa mchi.

Siku ya nne, mchana, alikuwa kitandani akinyonyesha. Swila akatoka uvunguni, akapanda mpaka kwenye blanketi, akajikunja kati yao na mlango. Akainua kichwa, akatanua shingo. Helena aliniambia alijaribu kusali. Salamu Maria, sala ya tangu utotoni, aliianza mara tatu na mara tatu akaikosea.

"Baba," akaita kwa sauti ndogo. "Nyoka. Yuko kitandani na sisi."

"Usitikisike, mwanangu."

"Ingia, baba!"

Mzee akaishia mlangoni. Kwa mila yao, mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe, hata kwa ugonjwa.

"Humo siwezi kuingia."

"Basi mzike mjukuu wako, heshima ubaki nayo!" Hajawahi kumjibu mzee vile, wala kabla wala baadaye.

Akasikia miguu ikikanyaga tope, ikienda mbali na mlango. Ametukimbia, akawaza. Seni akarusha mguu. Swila akaugeukia ule mguu.

Ndipo jembe likagonga ukuta nyuma ya mgongo wa Helena. Likagonga tena, udongo ukamwagika, fito zikavunjika. Mkono wa mzee ukapenya, uso ameugeuzia kando kabisa.

"Mlete!"

Akampitisha mtoto, naye akafuata kinyumenyume, akichubuka mabega. Swila akatema, sumu ikamwagikia gauni. Mungu aliyalinda macho yake.

Malimi alirudi jioni ileile na mtumbwi wa kuazima. Akawakuta wamesimama uani, wamelowa chepechepe.

"Nani kabomoa ukuta?"

"Mjukuu wangu," akajibu mzee. "Aliuona mlango uko mbali."

Malimi akacheka. Helena hakucheka. Alimkumbatia Seni kifuani, akagoma kuingia mtumbwini mpaka waupindue kwanza, autazame ndani kwa macho yake mwenyewe.