Mbwa Wangu wa Mkuyuni

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaikwepa: nilikula chakula cha mama yangu akiwa mgonjwa, huku nikimwambia nimempa mbwa. Mbwa mwenyewe sikuwa naye. Sijawahi kufuga hata kuku.

Mbwa huyo alizaliwa sokoni Mkuyuni, mwaka ule kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazi. Kila nikiamka bei imepanda: leo unga, kesho sukari, keshokutwa mafuta ya kupima. Shule niliishia kidato cha pili, lakini hesabu ile haikuhitaji mwalimu. Samaki ndio walinikomesha kabisa. Viwanda vilikuwa vinabeba sangara wote, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabakiziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa ya mgongo, yanakaangwa na kuuzwa chini juu ya magunia. Mimi ndege mpaka leo naiona kwa chini tu.

Kwetu, ufukweni kule Mara, mgongo mtupu anatupiwa mbwa. Kwa hiyo siku ya kwanza niliona haya, nikamwambia muuzaji, "Dada, nifungie kidogo, ni ya mbwa." Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, akafunga. Kesho yake akaniita toka mbali:

"Mwenye mbwa! Leo anataka kichwa au mkia?"

"Nipe penye nyama nyama. Meno yanamsumbua."

"Na ndimu nimwekee?"

"Weka. Kalelewa vizuri huyo."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Alijua. Ndiyo maana tukawa marafiki.

Halafu mama akaja mjini kutibiwa tumbo. Nilikuwa nimemwandikia barua kwamba kazi ipo na nakula samaki kila siku. La samaki halikuwa uongo sana. Akasema kitu anachoweza kumeza ni sato wa kuchemsha tu, kama wa nyumbani. Nikaacha sukari, nikaacha sabuni ya kuogea, nikawa nanunua sato mmoja, mdogo kama kiganja cha mtoto, wa mama peke yake. Mimi nikamwambia nakula kiwandani.

Siku ya tatu, tukitoka hospitali, tukapita sokoni. Nilisahau kumkonyeza yule dada.

"Mwenye mbwa! Mapanki ya mbwa wako nimeshafunga!" Ndipo akamwona mama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama akanigeukia. "Una mbwa?"

"Ninaye mama. Wa kulinda."

"Analinda nini?"

Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa na ndoo mbili. Nikasema mjini wezi wengi. Nikamkalisha kwenye kigoda cha yule dada, nikaenda kutafuta sato wa bei yangu. Nilizunguka sana. Niliporudi nikakuta wote wawili wanafuta machozi ya kicheko. Nikafurahi, angalau mama kapata mtu wa kucheka naye.

Jioni ile akala upande mmoja wa samaki, akasukuma sahani.

"Huu mpelekee mbwa wako."

"Kula mama. Mbwa ana mapanki yake."

"Atachoka mifupa. Mpelekee."

Nikatoka na sahani mpaka nyuma ya nyumba, karibu na choo. Nilikuwa nimepanga kuirudisha, niseme mbwa kakataa. Harufu ya sato ikanishika. Nikala nimesimama, nikalamba vidole, nikarudi na sahani tupu.

"Kala?"

"Kala mama. Katikisa na mkia."

Akacheka.

Ikawa hivyo kila jioni, kama wiki mbili. Cha mbwa kinazidi kuwa kikubwa, cha mama kinazidi kuwa kidogo. Mkono wake ulikonda mpaka bangili ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko. Niliona. Na bado jioni nilikuwa nakaa nasikiliza sahani itasukumwa saa ngapi, masikio yamenisimama kama mbwa kweli.

Daktari aliposema mama arudi nyumbani akapumzike, nilielewa. Nikampandisha basi. Akatoa kichwa dirishani: "Na mbwa utamlisha nini sasa?" Nikamwambia mbwa hakosi. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Baada ya matanga nikarudi Mkuyuni, nikaenda sokoni. Yule dada aliniona toka mbali lakini hakuniita. Nikaona nianze mimi.

"Mbwa anaomba mkia."

Hakucheka. Akanipa pole, akakunja mapanki kwenye gazeti polepole, hata pesa yangu hakuipokea.

"Siku ile ulipomwacha hapa," akasema, "mama yako aliniuliza huyo mbwa ana miguu mingapi. Nikajiumauma weee, mwisho nikasema miwili. Tukacheka mpaka watu wakatugeukia. Halafu akafuta machozi. Akasema, 'Basi nitakuwa nashiba mapema.'"