Tumbili wa Chokaa

Juzi fundi alikuja kupaka chokaa ukuta wetu hapa Ngokolo. Alipomimina maji kwenye pipa, chokaa ikaanza kuchemka na kutoa ile harufu yake kali, nami nikabeba kigoda changu nikahamia kwa jirani. Mjukuu wangu akanifuata mbio. "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia chokaa inaniwasha macho. Uongo mtupu! Mtu mzima na mvi zangu, namdanganya mtoto kwa sababu ya tumbili aliyekwisha kufa miaka mingi. Ninyi nitawaambia ukweli, ila msiniharakishe.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa darasa la tatu huko kijijini kwetu, upande wa Geita. Shamba letu la mahindi na karanga liligusana na kilima cha mawe, na kwenye yale mawe waliishi tumbili wasio na haya hata kidogo. Kila tukitoka shule, mimi na rafiki yangu Kabula, binti wa jirani, tulipanda kwenye dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, tukapiga debe na kupiga kelele mpaka sauti zikakauka. Tumbili wakitulia, tulitafuna michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, kisha mmoja akalaza kichwa kwenye mapaja ya mwenzake atafutwe chawa. Mikono ya Kabula ilikuwa laini, nami mara nyingi nilipitiwa na usingizi nikamwachia shamba peke yake.

Ni yeye aliyegundua kwamba nina punye, doa la mviringo nyuma ya sikio. Mama alinipa mafuta ya nyonyo kwenye kichupa nijipake, lakini mkono wangu haukufika vizuri. Kabula akawa ananipaka kwa kidole chake, kila siku, huku akinisimulia mambo ya kwao. Hakumwambia mtu. Punye langu likapona, nywele zikaota, nikasahau kabisa kwamba niliwahi kuwa nalo.

Baada ya wiki chache mganga wa zahanati alikuja shuleni kukagua vichwa. Mimi nilipita. Kabula alikutwa na mapunye matatu. Akanyolewa upara mbele yetu, akapakwa ile dawa ya zambarau, kichwa chote, mpaka ikamchuruzika shingoni. Alipotugeukia, mtu mmoja akapiga ukelele, "Mapunyeee!" na sote tukatimka. Kabula alidhani ni mchezo, akatukimbiza huku anacheka. Tulizidi kukimbia. Aliposimama katikati ya uwanja alikuwa hacheki tena.

Msiniulize nani alipiga ule ukelele. Ni mimi.

Jioni alikuja shambani kama kawaida. Nilikuwa nimeshapanda kwenye dungu. Aliposhika ngazi nikamwambia, "Usipande. Mayu amekataza." Mama yangu hakukataza chochote, maskini, hata habari yenyewe hakuwa nayo. Kabula akasema polepole, "Lakini lako nilikuwa nalipaka." Nikajifanya naangalia mahindi. Akakaa chini, akaegemea nguzo ya dungu, akaendelea kulinda shamba letu akiwa huko chini mpaka jua likazama.

Wiki hiyohiyo Mjomba Masanja, kaka yake mama, alinasa tumbili kwenye tundu la mtego. Wazee wetu walikuwa na dawa yao kwa wezi wa shamba: hawakumuua. Walimpaka chokaa mwili mzima, wakamwachia arudi kwao. Wenzake wakimwona hivyo hawamjui, wanakimbia, naye kwa uchungu wa kutaka wenzake anawafukuza, basi kundi zima linahama kilima. Mjomba alikoroga chokaa iliyobaki shuleni, na kijiji kizima kikaja kutazama. Tulivyocheka jamani! Yule mnyama alikuwa mweupe pepe, macho yanamtoka, anajikung'uta bila kujua kimempata nini.

Akapanda mawe mbio kuwaendea ndugu zake. Wakalipuka kwa makelele. Kila jiwe alilokanyaga liliachwa tupu, akikimbilia huku wanahamia kule. Watu walishika mbavu. Nami nilikuwa nacheka kwa sauti, mpaka nikamwona Kabula. Alikuwa amesimama peke yake karibu na tundu, kichwa cha zambarau kikimeta kwenye jua, ameziba mdomo wake kwa viganja viwili.

Pale juu tumbili mmoja hakukimbia. Alikuwa jike kongwe, tulimjua kwa mkia wake uliokatika. Alirudi nyuma, akakaa juu ya jiwe, akangoja. Yule mweupe alisogea kidogokidogo, akalala kifudifudi mbele yake. Jike alimnusa, akapiga chafya, kisha akaanza kumchambua ile chokaa, unywele kwa unywele. Wengine wakachungulia, na baadaye mmojammoja wakarudi.

"Aaa, huyu bibi kaniharibia kazi!" Mjomba akalalamika, watu wakacheka zaidi.

Kabula akanigeukia. Kati yetu palikuwa na hatua kama kumi, na mahali pa kusimama karibu naye palikuwa wazi. Nilijua ananingoja, haki ya Mungu nilijua. Lakini wasichana wa darasa letu walikuwa wamenizunguka, na mmoja alikuwa amenishika mkono. Nikainama, nikajifanya natoa mwiba mguuni.

Nywele zake hazikuwahi kuota mbele ya macho yangu. Mwezi uliofuata baba yake aliwahamisha wote kwenda machimbo ya dhahabu, kule Rwamgasa, na sijamwona tena. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba mapunye huambukizwa kwa kugusana, na ndipo nilipokumbuka kile kidole chenye mafuta ya nyonyo. Yale mapunye yalikuwa yangu. Aliyachukua kichwani mwangu akinihudumia.

Binti yangu, mwalimu wa sayansi, aliwahi kutueleza mezani kwamba tumbili wanapochambuana manyoya si chawa tu wanaotafuta. Wanatulizana, wanapatana baada ya ugomvi, na tabia hiyo sisi na wao tumeirithi kwa mababu walewale wa kale. Mume wangu akaja juu: yeye hana undugu na nyani! Wakabishana mpaka chai ikapoa, kisha binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona wewe hukatai?"

Nilikuwa namfikiria yule jike wa mkia uliokatika. Nikamjibu, "Mwanangu, mimi sijui kama wao watakubali."