Barua Yenye Tarehe ya Mwisho

Urho Lampinen alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye tanuri la kuyeyushia nikeli hapa Sudbury, na katika muda huo wote aliweka akiba ya uzeeni bila kumwambia mtu ni kiasi gani. Mkewe alifariki akiwa hajui. Binti yake Raija, anayefundisha shule huko Thunder Bay, hajui mpaka leo.

Zamani akiba hiyo ilisimamiwa na wakala aliyekuja nyumbani kila vuli, akanywa kahawa, akala mkate wa iliki, akauliza habari za mguu wa Urho. Siku moja Urho alisoma maandishi madogo nyuma ya taarifa yake na kugundua kwamba kahawa ile, kwa ada za wakala, ilikuwa ikimgharimu zaidi ya dola elfu sita kwa mwaka. Wakala hakukaribishwa tena. Urho alihamisha kila kitu kwenye Northbeck, jukwaa la mtandaoni ambako mtu hununua na kuuza vipande vya mifuko ya uwekezaji mwenyewe, kwa ada ndogo, bila kuulizwa habari za mguu. Kila asubuhi saa moja alifungua akaunti, akanakili salio kwa penseli, akalilinganisha na la jana.

Kutomwamini mtu kulimpa hata cheo. Matapeli wa simu walipoanza kuwaandama wazee, Ukumbi wa Wafini, wanapokutana wenye asili ya Ufini kama yeye, ulimwomba afundishe darasa la kujikinga kila Jumatano. Watu kumi na wawili walihudhuria. Mmoja wao alikuwa Aune Niskala, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, aliyewahi kutuma dola elfu nne kumtoa mahabusu mjukuu ambaye wakati huo alikuwa amelala kwao. Kanuni ya kwanza ya Urho ilikuwa fupi: anayekupa tarehe ya mwisho ni mwizi. Mtu mwaminifu hana haraka na pesa zako.

Mwezi Mei alitimiza miaka sabini na mmoja. Septemba ikaja barua yenye jina la Northbeck. Ilisema kwamba kwa kuwa ametimiza umri huo, lazima aigeuze akaunti yake ya akiba kuwa akaunti ya kulipwa pensheni kabla ya tarehe thelathini na moja Desemba. Asipofanya hivyo, fedha zote zitahesabiwa kuwa mapato ya mwaka mmoja na kutozwa kodi. Kwa dola laki tatu na elfu kumi na mbili, kodi hiyo ingepita laki moja.

Tarehe ya mwisho, kitisho, na anwani ya mtandaoni ya kufungua. Urho aliibandika ubaoni darasani, wanafunzi wakapigia mstari dalili za utapeli moja baada ya nyingine.

Aune alinyoosha mkono. Alisema yeye alipata barua kama hiyo miaka miwili iliyopita, kutoka benki yake, na aliitii.

"Wewe," Urho alimjibu, "ndiye uliyemtoa jela mjukuu aliyekuwa kitandani."

Watu walicheka. Aune alisubiri wamalize.

"Ni kweli, mwalimu. Lakini yule hakunilipa hata senti. Hawa wananilipa kila mwezi."

Urho alirudi nyumbani akijiuliza kama Aune anapewa bahashishi kwa kila mtu anayemwingiza.

Barua ya pili ilifika Oktoba. Ya tatu haikuja kwa posta. Ilijitokeza ndani ya akaunti yenyewe, juu kabisa, kwa herufi nyekundu. Kwake hilo lilikuwa na maana moja tu: wezi walikwisha kuingia. Alibadilisha neno la siri mara tatu kwa wiki moja. Alimpigia Raija, naye akajitolea kuja wakati wa Krismasi waitazame akaunti pamoja. Urho akakumbuka kwamba kiangazi Raija alimuuliza kama ameandika wosia. Alimwambia barabara ni mbaya, asijisumbue.

Kijitabu cha ofisi ya kodi kilimthibitishia kwamba sheria ipo na tarehe ni ileile. Mtu mwingine angetulia hapo. Urho aliona kwamba sheria kuwa ya kweli hakuifanyi barua kuwa ya kweli. Tapeli hodari huanzia kwenye jambo la kweli. Tarehe ishirini na mbili Desemba, ikiwa imebaki siku tisa, alijaza mafuta, akatia koleo la theluji kwenye buti, akaendesha kilomita mia nne mpaka Toronto kuliona jengo la Northbeck kwa macho yake.

Jengo lilikuwepo. Jina lilikuwa ukutani, ghorofa ya kumi na nne. Mlinzi, mama mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba wateja hawapandi juu. Kampuni ni ya mtandaoni, kila kitu ni kwa simu. Urho alimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kupanda. Hajawahi.

Alikaa kwenye benchi la mapokezi na kupiga namba iliyochapwa kwenye taarifa yake ya kwanza kabisa, ya miaka tisa nyuma, ambayo wezi wa mwaka huu wasingeweza kuigusa. Baada ya dakika ishirini na tano simu ilipokelewa na mwanamke aliyejitambulisha kama Odette, akasema yuko Moncton, mji wa mbali upande wa mashariki. Aliomba tarehe ya kuzaliwa.

"Mnaijua," Urho alisema. "Ndiyo sababu mnaniandikia."

"Najua ninachokiona hapa, bwana Lampinen. Sijui kama wewe ndiye Lampinen."

"Na mimi sijui kama wewe ndiye Odette."

"Basi tumelingana. Tofauti ni kwamba mimi nina kitufe." Alimweleza bila kupandisha sauti. Akaunti hii imebadilishwa neno la siri mara tatu kwa wiki moja, na sasa anapiga mtu asiyetaka kujibu swali hata moja. Kanuni zinamtaka aifunge mpaka uchunguzi umalizike. Kwa sababu ya sikukuu, uchunguzi utamalizika Januari.

Urho alihesabu siku zilizobaki. Januari ilikuwa na maana ya kodi ile, yote, kwa sababu ya ukaidi wake mwenyewe na si wa mwizi yeyote.

"Kwa hiyo unanishuku mimi," alisema.

"Tangu ulipofungua mdomo, mzee."

Kwa mara ya kwanza tangu Septemba, mtu alikuwa amemwambia neno ambalo angelisema yeye mwenyewe. Alitaka aulizwe kitu ambacho mwizi wa barua hawezi kukijua. Odette alikwenda kwenye kumbukumbu za zamani, akauliza mteja huyu alilalamikia nini mwaka wake wa kwanza.

"Senti nne," Urho alijibu. "Mlikadiria vibaya bei ya vipande vyangu."

"Zilirudishwa?"

"Baada ya wiki sita."

Ndipo akataja tarehe ya kuzaliwa, polepole, huku amefunika mdomo kwa mkono ili mlinzi asisikie. Aliuliza iwapo Odette atamjazia fomu ya kuigeuza akaunti. Odette alikataa: hataki neno lake la siri, haoni kioo cha simu yake, na fomu ni ya mteja kuijaza peke yake. Urho alilipenda jibu hilo kuliko ahadi yoyote ambayo angepewa.

Aliijaza ndani ya gari, mlango umefungwa, injini inanguruma, akisoma kila mstari mara mbili. Ilimchukua dakika arobaini. Palipoulizwa jina la mtu wa kuaminika ambaye kampuni inaweza kumpigia ikiwa na wasiwasi, aliacha wazi. Uthibitisho ulifika saa tisa na dakika kumi alasiri.

Mwishoni mwa Januari malipo ya kwanza yaliingia benki: dola elfu moja mia tatu sabini na tatu. Urho alikwenda dirishani akazitoa zote taslimu. Karani alimuuliza kama anasafiri. Hasafiri. Alizihesabu pale pale mbele ya foleni, akaukunja ukingo wa noti moja kuujaribu, kisha akazisukuma upande wa pili wa kaunta na kuomba ziwekwe tena kwenye akaunti, pamoja na risiti.

Februari alifanya vivyo hivyo. Machi alitoa nusu.