Kaunta Buku la Mwalimu Alute

Mwalimu Alute alikuwa na kaunta buku moja, daftari nene la jalada gumu, na hilo buku ndilo lililokuwa likifundisha. Yeye mwenyewe alikaa ofisini. Kiongozi wa darasa alikuja kulichukua, akanakili kurasa tatu ubaoni, wanafunzi tisini wakanakili kutoka ubaoni, na kengele ikilia buku likarudishwa mezani kando ya chupa ya chai. Mwisho wa muhula Alute aliyapitia madaftari: tiki kubwa nyekundu, saini, basi. Miaka ishirini na saba ya Jiografia katika shule ile ya kata, nje kidogo ya Singida mjini, ilikwenda namna hiyo.

Usimwonee huruma haraka. Ni kweli kwamba mwaka alioanza kazi hakuna aliyempokea. Mkuu wa shule wa wakati ule alimpa chaki mbili, akamwonyesha darasa kwa kidole, akaenda zake. Siku ile Alute alilia nyuma ya vyoo. Mwingine angetoka pale na huruma kwa wageni. Yeye alitoka na kinyongo. Kama yeye alifunzwa na ulimwengu, basi na wengine wafunzwe na ulimwengu huo huo.

Kwa hiyo ulipoletwa utaratibu kwamba kila mwalimu mpya awe na mwalimu mlezi, na kwamba kila Jumatano baada ya vipindi walimu wote wakae kwenye jumuiya ya kujifunza, kila mmoja ataje mada inayomshinda ili wenzake wamsaidie, Alute alicheka hadi akapaliwa na chai. "Mimi wa kusaidiwa? Na nani?" Jumatano zote alikuwa na udhuru. Mara mgongo, mara vitunguu shambani.

Mkuu wa shule wa sasa, Mama Editha, akampa ulezi hivyo hivyo. Aliyepewa kumlea ni Emiliana, binti wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa Jiografia aliyekuwa kwenye mwaka wake wa majaribio. Kulikuwa na fomu. Mlezi asipoandika kwa mkono wake kwamba mwalimu huyu anafaa, Mama Editha hampendekezi kuthibitishwa kazini. Neno moja tu, na kalamu iko kwa Alute.

Siku ya kwanza Emiliana alisema, "Shikamoo, mwalimu." Alute aliitikia marahaba ya puani, akamsukumia kaunta buku. "Mafunzo kazini ndiyo haya. Nakili."

Emiliana alifunua, akafika katikati, akatulia pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma ukurasa. Kisha akalifunga. "Asante, mwalimu. Nitaandaa ya kwangu."

Alute alimchukia kuanzia dakika ile. Hakuna mtu aliyewahi kulirudisha buku lake.

Alipokwenda kukagua kipindi chake, alimkuta ameanika sahani ya maji ya ziwa dirishani, wanafunzi wameizunguka wanabishana. Alute akaandika kwenye fomu: Kelele. Darasa limekuwa gulio. Mahali pa kuandika anafaa au hafai alipaacha wazi, amchezee kwanza. Ofisini alitangaza kila mtu asikie, "Huyu habari za kuthibitishwa atazisikia redioni."

Alilosahau ni kwamba fomu ilikuwa na ukurasa wa pili, na ukurasa huo ulidai mlezi naye atembelewe darasani na yule anayemlea. Mwosha huoshwa. Mama Editha akapanga Alhamisi, kipindi cha tatu, Kidato cha Pili A.

Kwa kuwa mgeni yupo, Alute ilibidi aingie darasani mwenyewe. Emiliana alikaa nyuma kabisa, daftari mapajani. Alute akafungua buku, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu asiye na shaka, na wanafunzi wakaandika. Akafika chini ya ukurasa: "Ziwa la chumvi hutokea pale ambapo maji..." Akahamia ukurasa unaofuata. "...hulipuliwa kwa baruti, kisha mawe yake hupelekwa kwenye tanuru."

Kalamu tisini zikaandika hivyo hivyo. Hakuna aliyeinua kichwa, naye akaendelea na tanuru lake.

Nyuma kukainuka mkono. Emiliana akasimama wima kama mwanafunzi. "Samahani, mwalimu. Hili ziwa letu la Singidani lina chumvi. Nani alililipua?"

"Kaa chini," Alute alisema. "Andika."

Yalimtoka kwa mazoea tu. Ndipo akakumbuka anayemwambia ni mwalimu mwenzake. Emiliana akakaa, akaandika.

Kengele ilipolia alimfuata ofisini, akaweka mezani daftari kuukuu lililovalishwa gazeti.

"Kaa chini, andika. Uliniambia maneno hayo hayo mwaka 2012, mwalimu. Nilikuwa dawati la tatu, darasa lile lile. Kiongozi alinakili ubaoni, mimi nikakufuata hapa kuuliza swali lile lile. Ukaongeza viboko vinne."

Alifungua. Kwa mwandiko wa kitoto: maji hulipuliwa kwa baruti; na chini yake tiki kubwa nyekundu na saini ya Alute.

Alute akavuta buku lake. Ukurasa wa thelathini na mbili, kisha wa thelathini na tano. Katikati kulikuwa na ukingo wa karatasi iliyochanwa. Akaikumbuka. Mwaka 2011 aliichana kuandikia barua ya kuomba uhamisho kwenda Dodoma, na uhamisho wenyewe hakuupata. Tangu hapo watoto waliokulia kando ya maziwa ya chumvi walikuwa wakifundishwa kwamba maji yanachomwa tanuruni.

"Unataka nikusainie," alisema.

"Hilo ni lako, mwalimu. Andika unavyoona. Ninachotaka, Jumatano usimame mwenyewe utaje mada inayokushinda. Usiposimama wewe, nitasimama mimi na daftari hili."

Alute alirudi nyumbani kwake mtaa wa Mandewa akilitazama ziwa, akijaribu kukumbuka kilichokuwa kwenye karatasi ile. Aliutazama weupe wake ukingoni, akasaka kichwani, na hakukuta kitu. Mwalimu wa Jiografia, kichwa kina mvi, hajui kwa nini ziwa la mtaani kwake lina chumvi! Alimchukia yule binti, na alijichukia kidogo na yeye, ila hilo la pili hakulikubali.

Jumatano alikuja. Walimu wakageuka kumtazama, mmoja akauliza kama mgongo umepona. Mama Editha akauliza nani ana mada inayomshinda. Emiliana alikuwa na mkoba mapajani, na mkono wake ukaanza kuvuta zipu.

Alute akasimama. "Mimi," alisema, na kila neno lilimuuma. "Maziwa ya chumvi."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimkera zaidi. Emiliana akaiacha zipu. Akaenda mbele na ile sahani yake. Maji yalikuwa yamekwisha, umebaki ukoko mweupe. Akachukua chaki. Alute bado alikuwa amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Kaa chini, mwalimu," Emiliana alisema. "Andika."

Akakaa. Akaandika: maji yanaingia ziwani, hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi inabaki. Mistari miwili tu. Kwa mistari miwili aliyoikosa alikuwa amewachapa watoto.

Mkutano ulipoisha alitoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya goti, akaandika Anafaa, na akasaini kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi.