Picha Yangu kwenye Kundi la Ukoo

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuyaona haya.

Asubuhi moja hapa Adelphi, ughaibuni, binti yangu aliweka picha yangu kwenye kundi la ukoo la simu, nimevaa kanzu nyeupe, bila neno lolote. Amekulia huku, hakujua kwamba kwetu picha ya mzee ikija kimya huwa ni tanzia. Sijamaliza chai, rambirambi zimejaa. Niliandika kwamba niko hai, ujumbe wangu ukazama katikati ya dua.

Nilimhofia dada yangu aliyeko Tanga, mwenye presha. Nilimpigia, hakupokea. Nikazunguka sebuleni, nikapiga tena, nikaanza kumwombea, nikasahau nilipofika katika dua.

Mara ya saba akapokea.

"Dada, ni mimi."

Akavuta pumzi. "Ewe marehemu, nimeshainjika jikoni sufuria ya khitma yako."

"Mbona hupokei?"

"Nilijua ni mwanao kashika simu yako, anataka kuniambia saa ya maziko."

Tangu siku hiyo mimi huitazama simu kabla ya sala na baada yake, nisije nikapitwa na habari ya dada, na sipendi tabia hiyo. Wewe unayesoma, Mungu akufikishie sauti za jamaa zako wangali hai.